UZI: Oregon ni jimbo moja lenye nchi mbili ndani yake. Ukitaka kuelewa ugomvi wa bunduki Marekani, anzia hapa

Dereva wa Cascade (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila yakitokea mauaji ya risasi Marekani, humu hufunguliwa uzi, watu wanaandika kwamba Wamarekani wamerogwa na bunduki zao, kisha uzi unazama. Mimi naishi Portland, jimbo la Oregon, mwaka wa kumi na mbili huu. Naendesha semi. Nashusha nusu ya mzigo Bend, nusu nyingine naifikisha Boise, jimbo jirani la Idaho, kwa barabara namba 20. Na kila nikisikia "Wamarekani na bunduki zao" najiuliza, Wamarekani wa wapi? Maana kwenye hili jimbo moja tu nimekuta watu wa namna mbili ambao katika suala hili hawasikilizani kabisa.

Katikati yao kuna safu ya milima ya Cascade. Magharibi ya milima kuna mvua, kuna Portland, Salem na Eugene, na ndiko waliko watu wengi. Ukishavuka kwenda mashariki mvua inakatika, unaingia kwenye vichaka vya kijivu, ng'ombe, na uzio wa seng'enge usioisha. Kuna kaunti huko inaitwa Harney, ina zaidi ya kilomita za mraba 26,000. Huo ni ukubwa wa Rwanda nzima, wakuu. Watu wake hawafiki 8,000. Kaunti ya Multnomah, yenye Portland, ina watu wapatao 800,000. Na kura inahesabiwa kwa vichwa, haihesabiwi kwa ukubwa wa shamba. Watu wa mashariki wanapigiwa kura na kushindwa kwenye karibu kila jambo, na hilo limewakaa moyoni.

Novemba 2022 Oregon ilipiga kura ya wananchi juu ya pendekezo namba 114. Wazo lilianzia kwa viongozi wa dini wa Portland, wakaunda kikundi cha Lift Every Voice Oregon, wakasaka saini kwa miguu. Sheria yenyewe inasema: ukitaka kununua bunduki, kwanza upate kibali, na kibali hupati mpaka uhudhurie mafunzo, utoe alama za vidole na uchunguzi wa historia yako ukamilike. Magazini (visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki) zinazobeba zaidi ya risasi 10 zisiuzwe tena. Ikapita kwa asilimia 50 na pointi kidogo. Multnomah waliiunga mkono kwa wingi mkubwa, mashariki karibu yote waliikataa, na kaunti zilizosema ndiyo ni chache sana kati ya 36. Yaani ukiangalia ramani utadhani imeshindwa vibaya.

Wino haujakauka, masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti) kadhaa wakatangaza kwamba suala la magazini hawatalifuatilia. Na kesi ikafunguliwa wapi? Burns, makao makuu ya Harney. Jaji wa huko akaizuia Desemba 2022, na Novemba 2023, baada ya kusikiliza shauri lote, akasema inavunja Katiba ya Oregon. Wakati huohuo jaji wa mahakama ya shirikisho Portland alikuwa amekwisha kusema, Julai 2023, kwamba haivunji Katiba ya Marekani. Msidhani huyo wa Portland ni mtu wa chama cha Democrat, aliteuliwa na Trump wa Republican. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya jimbo ikampindua jaji wa Burns, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ya Oregon ikasikiliza hoja. Mpaka hapo sheria waliyoipitisha wananchi 2022 ilikuwa imezunguka mahakamani miaka mitatu.

Sasa niwaambie kilichonitoa kwenye fikra nilizokuwa nazo. Januari 2023 semi yangu ilikata bomba la upepo wa breki kati ya Hampton na Riley. Nje nyuzi kumi chini ya sifuri, saa moja jioni, giza. Simu ilishika mtandao upande mmoja tu wa barabara, nilibidi nisimame juu ya ngazi ya lori nikiinyoosha. Nikapiga 911, namba ya dharura. Dada wa upande wa pili aliongea nami kwa upole, akaniambia naibu sherifu aliye zamu yuko upande mwingine wa kaunti kwenye ajali, nisitoke ndani ya gari, nijifunike.

Nusu saa baadaye ikaja pikapu, akashuka mzee. Kwenye dashibodi yake ilikuwa imelala bunduki ndefu. Mimi mweusi, peke yangu, gizani, sikuficha kwamba niliogopa, na yeye aliona. Akaifunika kwa blanketi kabla hajanisogelea, akasema ni ya mbweha wanaokula ndama. Akauliza: "Umepiga simu? Wamekwambia watafika saa ngapi?" Nikamwambia hawakutaja saa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulijua jibu, akatoa mkoba wa spana.

Naibu sherifu alifika baada ya saa mbili na nusu. Mtu anayeishi mahali pa namna hiyo, ukimwambia polisi watakulinda, kwake hilo ni neno tu. Sisemi yuko sahihi kwa kila kitu. Nasema alipo ni mahali pengine.

Karibuni tujadili.

Binti Chumbageni

Ahsante mleta uzi, umetulia. Nina swali ambalo nimelisubiri miaka. Sherifu anawezaje kusema hadharani "hii sheria siitekelezi" na kesho akaamkia ofisini? Huku kwetu OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) akitamka hivyo, jioni yake hana cheo. Huyo sherifu bosi wake ni nani?

Dereva wa Cascade

Dada, bosi wake ni wapiga kura wa kaunti yake. Sherifu hateuliwi na gavana, anachaguliwa. Kwa hiyo akisema hatekelezi, nyumbani wanampigia makofi. Mwaka 2013 sherifu wa Douglas, kaunti ya mashambani kusini magharibi mwa Oregon, alimwandikia barua Biden, wakati huo makamu wa rais, kwamba sheria za bunduki anazoziona zinavunja Katiba hatazitekeleza. Oktoba 1, 2015 mtu mmoja akaingia chuo cha Umpqua kilichoko kaunti hiyohiyo, akaua watu tisa. Obama alipokwenda Roseburg, mji wa kaunti hiyo, kuzifariji familia, nje walisimama watu na mabango ya kumpinga. Na kura ya 114 ilipokuja, kaunti hiyo ikasema hapana. Mtu wa mbali anashangaa: wamezika watoto wao na bado? Lakini wao wanaamini kwamba kama mtu mwema angekuwa na bunduki darasani, wasingekufa tisa. Siikubali hoja hiyo, ila nimeisikia kwa watu waliokuwa wakilia wanapoitoa, kwa hiyo siwezi kuidharau.

Ila dada, swali lako lina jambo kubwa zaidi, na linatugusa sisi wahamiaji moja kwa moja. Naomba mnivumilie hapa.

Mnajua ile miji inayokataa kuwasaidia maofisa wa uhamiaji kukamata watu? Inaitwa miji ya hifadhi. Oregon ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya namna hiyo, mwaka 1987. Mimi nimelala usingizi kwa sababu ya sheria hiyo wakati makaratasi yangu hayajakaa sawa. Basi mwaka 2018 kaunti ya Effingham huko Illinois ikalichukua neno hilohilo, ikajitangaza hifadhi ya bunduki. Mwisho wa 2019, Democrat waliposhinda bunge la Virginia, kaunti za jimbo hilo moja baada ya nyingine zikafanya vivyo hivyo ndani ya wiki chache, na Januari 20, 2020 maelfu ya watu wakajaa Richmond, mji mkuu wa jimbo hilo, wengi na silaha mabegani. Na Oregon nako likaingia, kaunti ya Columbia ikapigia kura azimio lake 2020.

Sasa sikilizeni hii. Hoja ya kisheria inayoilinda miji ya wahamiaji imetoka wapi? Imetoka kwa masherifu wa bunduki! Mwaka 1993 Congress (bunge la Marekani) ilipitisha sheria ya Brady, ikawaagiza masherifu wachunguze historia za wanunuzi wa bastola. Sherifu wa kaunti moja ya Montana, Jay Printz, na mwenzake wa Arizona, Richard Mack, wakaenda mahakamani wakasema serikali ya Washington haiwezi kutugeuza vibarua wake. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji watano kwa wanne. Miaka ishirini baadaye wanasheria wa miji na majimbo yanayohifadhi wahamiaji wakaisoma kesi hiyohiyo mbele ya majaji: Washington haiwezi kuwalazimisha polisi wetu wafanye kazi ya uhamiaji. Mlango alioufungua sherifu wa Montana kwa ajili ya bastola, nimepita mimi na familia yangu.

Tofauti ipo, nisiwapotoshe. Jimbo lina mamlaka yake mbele ya Washington, lakini kaunti ni kiungo cha jimbo. Ndiyo maana Februari 2023 mahakama ya rufaa ya Oregon ililifuta azimio la Columbia. Kaunti haiwezi kuifuta sheria ya jimbo kwa kura yake. Sherifu anayesema "sitatekeleza" anategemea zaidi uhaba wa askari kuliko Katiba: nina naibu wawili zamu ya usiku, nitaanza na nini?

Mwana Uvira

Salamu ndugu. Miye ni mtu wa Uvira, nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na saba, halafu nikaletwa Boise. Uliyosema juu ya mzee na mbweha ni kweli, hata hapa Idaho ni hivyo. Jirani yangu ananipa nyama ya paa kila mwaka, ni mwindaji, ni mtu wa Mungu.

Lakini nataka kusema kitu. Huku watu wanasema bunduki ni ya kulinda nyumba. Kwetu bunduki ndiyo ilivunja mlango wa nyumba. Kila kikundi kilikuja kikasema kinalinda watu wake, na kila kijiji kikawa na wake. Wanangu wanaona bunduki dukani karibu na vyombo vya kuvulia samaki, kwao ni kawaida. Miye nikiiona mikono inabaridika. Idaho tangu 2016 raia anaweza kuibeba chini ya koti bila kibali. Mimi ninaingia kanisani najiuliza ni wangapi wanayo. Ninaheshimu sheria ya watu walionipokea. Ila wasiniambie nisiogope.

Dereva wa Cascade

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Ubarikiwe kwa kuandika.

Na wewe unajua ule mji wa Ontario ulipo. Kwa wasioujua: ni mji wa Oregon ulio mpakani kabisa, ukivuka mto Snake uko Idaho. Hata saa zao wanafuata za Idaho. Upande wa Oregon, tangu 2015, nikitaka kukuuzia bunduki yangu binafsi lazima twende kwa muuzaji mwenye leseni akuchunguze kwanza. Ukivuka daraja, raia wawili wa Idaho wanauziana kwenye maegesho ya magari wakapeana mikono, imekwisha. Maji yaleyale, samaki walewale. Huo mto ndio unaonifanya nione kwamba hakuna jimbo linaloweza kulimaliza jambo hili peke yake.

Kijana wa Kitale

Wadau, kama hawaelewani hivyo si wagawane tu? Mashariki ijiunge na Idaho, kila mtu abaki na anayefanana naye. Hapa naona kelele nyingi kwa jambo lenye suluhisho.

Dereva wa Cascade

Ndugu, wamelijaribu hilo kwa dhati. Vuguvugu linaitwa Greater Idaho. Kuanzia 2020 limekuwa likipeleka swali kwenye kura, kaunti kwa kaunti. Kaunti ya Wallowa lilipita 2023 kwa tofauti ya kura saba tu. Crook, Mei 2024, ikawa ya kumi na tatu. Lakini kura hizo hazihamishi mpaka, zinawataka viongozi wa kaunti wakae walizungumze. Kuhamisha mpaka kunahitaji bunge la Oregon, bunge la Idaho, na Congress. Wabunge wa Oregon huko Salem hawajalipa nafasi.

Na hata wakigawana, kura saba za Wallowa zinakwambia kwamba ndani ya kila kaunti kuna karibu nusu nyingine. Wataenda wapi hao? Bend ya leo siyo ya miaka ishirini iliyopita, imejaa watu waliotoka Portland na California. Mstari haupiti mlimani peke yake, unapita mezani kwa watu wakati wa chakula.

Silaha yao nyingine ilikuwa akidi. Bunge la Oregon haliwezi kukaa bila theluthi mbili ya wajumbe, na hiyo ni tofauti na majimbo mengi. Kwenye Seneti ya watu 30, wakiondoka kumi na moja kazi imesimama. Mwaka 2019 maseneta wa Republican walitoka nje, na walipokubali kurudi, muswada wa bunduki ulikuwa umekwisha kuzikwa kwenye makubaliano. Mwaka 2023 walitoka wiki sita. Wananchi walikuwa wameshachoka, 2022 wakapitisha kwamba anayekosa vikao kumi bila ruhusa haruhusiwi kushika kiti muhula unaofuata, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikalithibitisha 2024. Maseneta kadhaa wakapoteza nafasi. Lakini angalieni kilichotoka kwenye ule mgomo wa wiki sita: muswada ulioanza na mambo matatu ukabaki na moja, kupiga marufuku bunduki za kuunga nyumbani zisizo na namba. Yaani mashariki ilipata kitu.

Binti Chumbageni

Mleta uzi, samahani, umetueleza mzee wa mashariki mpaka tumempenda. Na Portland je? Hao walioomba hiyo sheria wamepatwa na nini? Halafu wewe mwenyewe, kama umeshapata uraia, ulipiga kura gani? Usituache njiani.

Dereva wa Cascade

Nilijua nitaulizwa na wewe, dada.

Mwaka 2022 Portland ilivunja rekodi yake ya mauaji, zaidi ya watu 90. Wengi kwa risasi, na weusi waliuawa kwa wingi kupita idadi yao, katika mji ambao weusi ni wachache mno. Mtaani kwangu, Agosti ya mwaka huo, usiku wa Jumamosi, tulilala sakafuni mimi na mke wangu na watoto. Asubuhi polisi walikuwa wameweka vile vibao vidogo vya njano vyenye namba, kila ganda la risasi na kibao chake. Mwanangu wa miaka sita alikuwa dirishani akivihesabu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo namba mama yake anazomfundisha. Alifika ishirini na saba akakwama, akaniuliza inayofuata ni ipi.

Magazini ya risasi kumi haiwezi kuacha vibao ishirini na saba kabla mtu hajasimama kubadilisha. Nilipiga kura ya ndiyo. Ilikuwa kura yangu ya kwanza Marekani na sijutii.

Yule mzee wa Harney naye aliniuliza. Alikuwa chini ya tela, mimi nimeshika tochi, akasema bila kunitazama, "Wewe wa Portland, ile mia na kumi na nne uliipigiaje?" Ningeweza kudanganya, usiku ule, mahali pale. Nikamwambia ndiyo, nikamwambia na habari ya vibao. Alikaza klampu mpaka mwisho ndipo akatoka chini, akajipangusa mikono kwa muda mrefu.

Akaniambia yeye alipiga hapana, na angeipiga tena. Halafu akasema mwanawe wa mwisho alijiua zizini kwa bunduki ya nyumbani, akiwa na miaka kumi na tisa. "Kibali chenu kisingemzuia. Bunduki ilikuwa yangu, niliinunua kihalali, na ilikuwa imeegemea nyuma ya mlango." Tangu siku hiyo bunduki zake zote ziko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, isipokuwa ile anayotoka nayo. Oregon ilikuja kuweka sheria ya kufungia bunduki mwaka 2021, watu wa kwake waliipinga, naye aliipinga, ingawa nyumbani kwake alikuwa anaifuata miaka mingi kabla haijaandikwa.

Wakuu, hilo limenikaa. Vifo vingi vya bunduki Oregon ni vya kujiua, siyo vya kuuana, na kaunti za mashambani zimeumizwa sana na hilo. Mijini tunapiga kelele juu ya kifo kimoja, mashariki wanazika kimyakimya kifo kingine. Sheria pekee niliyoiona ikivuka huo mlima ilianzia kwenye kaburi la namna hiyo. Ni ile ya 2017 inayoruhusu ndugu wa mtu au polisi kumwomba jaji azichukue silaha kwa muda pale mtu anapokaribia kujidhuru au kudhuru wengine. Aliyeibeba upande wa Republican alikuwa seneta Brian Boquist, mtu wa mashambani, ambaye mtoto wake wa kambo, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, alijiua 2016. Wenzake wengi chamani hawakumfuata. Ikapita.

Nilimtajia mzee sheria hiyo. Alikuwa hajaisikia. Aliniuliza tu kama jaji angejibu siku hiyohiyo, au ingekuwa kama kumsubiri sherifu. Nikamwambia kwa ninavyoelewa jaji anaamua siku hiyo au kesho yake. Akanyamaza, akahesabu kitu kwa vidole. Burns ilikuwa kilomita zaidi ya themanini kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Taa za naibu sherifu zilipoonekana kwa mbali, mzee aliingia kwenye pikapu yake, akaitoa ile bunduki kwenye dashibodi, akaichomoa risasi mbele yangu moja moja, akaziweka kwenye kikombe cha kahawa, ndipo akafungua kioo kumsalimia.

Upepo wa breki ulishika mpaka Boise.